Suzanne Lenglen: mwanamuke aliyeomba mushahara wa jasho lake

Tarehe 9 mwezi wa 10 mwaka 1926, magaribi, watu karibu 13.000 waliingia ndani ya Madison Square Garden kule New York. Ile nyumba ilijulikana sana juu ya ngumi, lakini ile siku hakukuwa bondia. Watu walilipa tikiti ili waone wanawake wawili wakipiga mupira wa tenisi: Mufaransa Suzanne Lenglen, mwenye miaka 27, na Mumarekani Mary Browne, mwenye miaka 35. Suzanne alishinda 6–1, 6–1. Mechi haikukawia hata kidogo.

Wengine kati yenu mutauliza: mechi kama hii, iko na butamu gani? Ni kweli, hesabu yake haina butamu. Lakini muangalie kitu kingine. Ile siku muchezaji mukubwa kupita wanawake wote wa dunia aliingia kiwanjani na kontra mufukoni, akatumika mbele ya macho ya watu kwa mushahara, bila kujificha. Na kwa hii alifungiwa milango aliyokuwa akipita kama malkia.

Suzanne alizaliwa Paris, tarehe 24 mwezi wa 5 mwaka 1899. Baba yake, Charles Lenglen, alikuwa amerizi kazi ya magari ya farasi ya kubeba watu, kwa hiyo njaa haikuwa katika ile nyumba. Shida ilikuwa afya. Mutoto alikuwa na pumu, kila mara mugonjwa. Mwaka 1910 baba alimupa raketi, akifikiri muchezo utamutia nguvu kidogo. Wakati wa baridi walikuwa wakikaa Nice, karibu na klabu ya tenisi, na kule baba akaona kwamba huyu mutoto si wa kujifurahisha tu.

Akamushika kwa mukono wa chuma. Alikuwa anatandika leso chini upande wa pili wa kiwanja, binti apige mupira uanguke juu ya leso. Akiweza, baba anaikunja leso, inakuwa ndogo. Akiweza tena, anaikunja tena. Wakati ule wasichana walifundishwa kupiga pole pole, kwa heshima. Baba Lenglen alikataa. Binti yake angecheza kama wanaume, na angefanya mazoezi na wanaume. Mama naye alikaa kando akitafuta makosa. Na wakati wa mechi, binti akianza kuchoka, baba alimutupia kipande cha sukari kilicholowa konyaki. Daktari wa leo angepiga makelele. Lakini mwaka 1914, akiwa ametoka tu kufikisha miaka 15, Suzanne alishinda kule Saint-Cloud mashindano yaliyoitwa ya dunia kwenye viwanja vya udongo. Nyuma ya miezi michache vita ikaanguka juu ya Ulaya, na michezo ikalala.

Ilipoisha vita, mwaka 1919, alienda Wimbledon mara ya kwanza. Hii mechi ya mwisho inafaa kuhadisiwa polepole. Mbele yake alisimama Dorothea Lambert Chambers, mama wa watoto wawili, miaka 40, aliyekwisha kushinda Wimbledon mara 7. Mufalme George wa tano na malkia Mary walikuja kuangalia. Muzee alivaa kama zamani, nguo ndefu mpaka karibu na kisigino, mikono imefunikwa. Binti alikuja na nguo ya kuishia katikati ya muguu, mikono nje, bila ile mikaja ya kufunga tumbo. Waingereza wengine walikasirika. Wengine walikasirika lakini hawakutosha macho.

Kwa wale hawajui tenisi: wakati ule aliyefikisha michezo 6 alipata seti, lakini sharti apite mwenzake kwa michezo 2, na katika mechi ya wanawake mwenye seti mbili alikuwa amemaliza. Suzanne alichukua seti ya kwanza 10–8, muzee ya pili 6–4. Seti ya tatu muzee aliongoza 6–5, na katika ule muchezo alikuwa na pointi mbili za kumaliza, 40–15. Pointi ya kwanza, Suzanne alikimbia, akafika amechelewa, mupira ukagonga mbao ya raketi, si nyuzi, lakini ukavuka wavu na kuanguka ndani. Ni bahati tu. Pointi ya pili akaiokoa vilevile, akarudia kusimama, akashinda 9–7. Michezo 44 kwa jumla. Wote wawili walikuwa wamekwisha nguvu kabisa.

Tangu ile siku watu walianza kupanga mustari nje ya Wimbledon, mpaka kiwanja cha zamani kikawa kidogo. Mwaka 1922 klabu ilihamia pahali pakubwa, pale iko mpaka leo, na jina la Suzanne linahesabiwa kati ya sababu. Alishinda kule mara 6 akicheza peke yake: kutoka 1919 mpaka 1923 bila kuacha mwaka, na tena 1925. Ile 1925 alipoteza michezo 5 tu katika mashindano mazima. Mwaka 1920 alitoka Olimpiki ya Antwerp na medali mbili za zahabu na moja ya shaba. Gazeti za Ufaransa zikamuita La Divine.

Tusimufanye malaika. Alikuwa na kiburi, alikuwa na machozi karibu, na afya yake ilimuangusha mara mingi. Kutoka mwisho wa vita mpaka 1926 alishindwa mara moja tu akicheza peke yake. Ilikuwa 1921, Forest Hills, New York. Molla Mallory alimupiga seti ya kwanza 6–2, na mwanzo wa seti ya pili Suzanne, akikohoa, akaacha mechi akatoka. Wamarekani wakamuzomea. Mugonjwa kweli, ao aliogopa? Watu walibishana miaka mingi. Mimi ninaamini kikohozi, juu alikuwa na pumu tangu utoto, lakini ninafikiri pia kwamba mutu asiyezoea kushindwa hajui namna ya kushindwa. Mwaka uliofuata alikutana na yule Mallory Wimbledon, akamumaliza 6–2, 6–0, kwa dakika 26.

Sasa tuje kwenye feza. Wakati ule mashindano yote makubwa yalikuwa ya watu wa bure, maana yake wachezaji wasiolipwa. Ukipokea mushahara, unafukuzwa. Tena mutu alilipa mwenyewe feza ya kuandikishwa ili acheze. Tikiti ziliuzwa, viti vilijaa, na feza ilibaki kwa klabu na Federasio. Wachimbaji wetu wanaelewa hii bila kuelezwa: kuna pahali mutu analipa kwanza ili ashuke chini, na kile anachopandisha kinatajirisha mwengine. Ni kweli, Suzanne hakulala njaa. Alikaa hoteli nzuri, na Jean Patou, mushonaji mukubwa wa Paris, alimushonea manguo. Lakini zawadi si mushahara. Leo unapewa, kesho hapana, na huwezi kudai.

Mwezi wa 2 mwaka 1926 jambo lilionekana wazi kule Cannes. Binti Mumarekani, Helen Wills, miaka 20, alivuka bahari kuja kumutafuta. Tarehe 16 walikutana katika klabu ya hoteli Carlton. Gazeti za inchi mbalimbali zilituma watu. Tikiti ziliuzwa bei ya juu sana, na waliokosa walipanda miti na mapaa ya nyumba. Wachezaji wawili, ambao juu yao watu walikuja, hawakupata hata franka moja ya ile tikiti.

Suzanne alichukua seti ya kwanza 6–3. Ya pili ilikuwa ngumu. Wills alipiga kwa nguvu kuliko yeye, na Suzanne alikuwa anakunywa konyaki kidogo kidogo akipumzika. Alipofika 6–5, 40–15, Wills alipiga mupira karibu na mustari na sauti ikasema: nje! Wakapeana mikono, watu wakaingia kiwanjani na maua. Kumbe ile sauti haikuwa ya mwamuzi. Mwamuzi wa mustari akaja akasema yeye hakulalamika, mupira ulikuwa ndani, ni mutu mumoja kati ya watazamaji aliyepiga kelele. Watu wakatolewa, mechi ikarudia. Wills akasawazisha 6–6. Ni nani asingevunjika moyo? Suzanne alishika tena raketi na kumaliza 8–6, kisha akakaa akalia. Wale wawili hawakupambana tena peke kwa peke hata siku moja.

Mwezi wa 6, Wimbledon, mambo yakaharibika. Walimupangia mechi mbili siku moja, yeye akisema hakujulishwa vizuri. Akafika akiwa amechelewa, na malkia Mary alikuwa amekaa akimungojea bure. Kwa Waingereza hii ilikuwa matusi. Kisha, katika mechi ya wawili wawili, yeye na mwenzake Didi Vlasto walishindwa na Elizabeth Ryan na Mary Browne, ingawa walikuwa karibu kabisa na kushinda. Watu waliomupenda miaka 7 wakamununia. Akajiondoa kwenye mashindano akarudi Ufaransa.

Ndipo Charles Pyle, mufanyabiashara Mumarekani, alimukuta na kontra ya dolare 50.000. Alitia sahihi mwezi wa 8. Alipoulizwa sababu, hakuzunguka. Alieleza kwamba miaka mingi wengine walipata mamilioni ya franka juu ya kazi yake, na yeye ndiye alikuwa analipa ili aruhusiwe kuifanya. Alikuwa ametumika sawa mutu yeyote mwenye ufundi wake, lakini hakuna kitu alichokusanya kwa maisha ya mbele.

Wakubwa wa tenisi hawakungoja. Federasio ya Ufaransa ikamukataza mashindano yake, na klabu ya Wimbledon ikamutoa kwenye hesabu ya wageni wake wa heshima.

Basi ile safari ya Amerika, iliyoanza Madison Square Garden, ndiyo ilikuwa musimu wa kwanza wa tenisi ya kulipwa kwa wanawake. Walikuwa kikundi cha watu 6, wanawake 2 na wanaume 4, kati yao Vincent Richards, mushindi wa Olimpiki 1924. Walitembea muji kwa muji Marekani, wakapita Canada, wakafika Cuba, mpaka mwezi wa 2 mwaka 1927. Suzanne na Mary Browne, yule yule aliyemushinda Wimbledon pamoja na Ryan, walipambana mara 38. Suzanne alishinda zote 38.

Inafaa kumusifu Mary Browne hapa, juu watu wanamusahau. Alikuwa shampioni wa Marekani 1912, 1913 na 1914, na 1924 alifika mechi ya mwisho ya mashindano makubwa ya golfu ya wanawake wa Marekani. Si mutu wa kuchekwa. Kila jioni alijua kwamba atashindwa, na kila jioni alivaa viatu akaingia. Watazamaji walikuja kuona Suzanne, lakini bila mutu upande wa pili wa wavu hakuna mechi. Naye pia alilipwa kwa kazi yake, kama alivyostahili.

Pyle hakuandika kontra ingine, aliachana na tenisi. Mwaka 1927 Suzanne alicheza tena kwa kulipwa Uingereza, mechi 7, akashinda zote. Nyuma ya pale hakukuwa wanawake wengine wa kulipwa wa kupambana naye, na milango ya zamani ilibaki imefungwa. Hapo njo bei ya kweli aliyolipa: hakuna aliyemushinda kiwanjani, lakini kazi iliisha akiwa bado na miaka 28. Alifungua shule ya tenisi Paris, akafundisha watoto na watu wazima, na nyuma Federasio yenyewe ikaitambua ile shule.

Mwaka 1938 damu yake ikapata ugonjwa. Tarehe 2 mwezi wa 7 Helen Wills, yule binti wa Cannes, alishinda Wimbledon mara yake ya 8. Siku mbili kisha, tarehe 4, Suzanne akafariki Paris, akiwa na miaka 39. Alizikwa katika makaburi ya Saint-Ouen.

Wimbledon ilifungulia wachezaji wa kulipwa mulango mwaka 1968. Kule Roland-Garros kiwanja cha pili kwa ukubwa kinaitwa jina lake, na kikombe ambacho mwanamuke mushindi anainua ni Coupe Suzanne-Lenglen. Tangu 2007, wanawake wanalipwa pale sawasawa na wanaume.