Richard Carrington na Madoa ya Jua

Katika somo la sayansi, maisha ya mtaalamu huweza kumwonyesha mwanafunzi njia ya kazi kuliko kanuni iliyokaririwa. Maisha ya Richard Carrington yanafaa sana kwa shabaha hiyo.

Carrington alizaliwa London tarehe 26 Mei 1826. Baba yake, mwenye kiwanda cha bia, alimpeleka Cambridge ili awe kasisi. Kijana akavutwa na elimu ya nyota. Alijenga nyumba yenye chumba cha darubini huko Redhill, kusini mwa London. Tangu Novemba 1853 hadi Machi 1861, kila mara anga iliporuhusu, alichora mahali pa madoa ya Jua. Hakulitazama Jua kwa jicho. Darubini ilitupa taswira yake juu ya kioo kilichopakwa rangi.

Kwa subira hiyo aligundua kwamba Jua halizunguki kama jiwe moja: sehemu za ikweta yake humaliza mzunguko kwa siku 25 hivi, na zilizo mbali nayo huchelewa. Hesabu yake ya mizunguko ya Jua ingali inatumika kutaja mahali na wakati wa matukio yake.

Asubuhi ya tarehe 1 Septemba 1859 aliona mianga miwili mikali ikizuka kati ya madoa. Alikimbia kumwita shahidi. Aliporejea, kabla ya dakika moja kwisha, mianga ilikuwa imefifia. Baada ya saa 17 hivi sumaku ya Dunia ilivurugika, na simu za maandishi zikatatizika. Hata hivyo, Carrington hakukubali kwamba tukio moja linatosha kuthibitisha uhusiano.

Alifariki mwaka 1875. Mwaka 1942 vyombo vya Scott Forbush wa Marekani viliandika chembe zenye nguvu kubwa zilizotoka katika Jua. Leo yajulikana kwamba chembe hizo hufuata njia za sumaku zilizopindwa na mzunguko wa Jua. Kwa hiyo milipuko ya upande wa magharibi wa Jua hutufikia kwa urahisi zaidi, pengine kabla ya nusu saa kwisha. Hutokea zaidi katika miaka yenye madoa mengi, ingawa si katika miaka hiyo tu.

Mwalimu wa Terrat, kusini mwa Mlima Meru, aweza kutumia anga safi ya kiangazi, darubini ndogo na karatasi nyeupe. Aishike darubini mwenyewe, asimruhusu mtu yeyote kuchungulia ndani yake, kwani jicho hupofuka mara moja. Darubini ikitulia, taswira itahama. Ukingo unaotangulia ndio magharibi. Wanafunzi wachore kila siku, saa ile ile, kwa majuma mawili. Wataona madoa yakisogea kuelekea ukingo huo, nao watajua kwa kazi yao wenyewe ni lini kundi la madoa limefika upande wa kuangaliwa. Kisha waulizwe: je, mchoro mmoja ungetosha?