Bob Marley na doa lililokuwa chini ya ukucha

Mama, sura yake unaijua. Iko kwenye fulana za mitumba sokoni Bariadi na nyuma ya bodaboda. Wengi tunajua kuwa aliimba reggae. Wachache wanajua kuwa alikufa kwa saratani ya ngozi iliyoanzia kwenye kidole cha mguu, na ndiyo maana nakusimulia habari zake hapa.

Bob Marley alizaliwa tarehe 6 Februari 1945 katika kijiji cha Nine Mile, Jamaika. Mama yake, Cedella, alikuwa binti wa miaka 18. Baba alikuwa mtu mzima sana na hakukaa nao, hivyo malezi yakamwangukia mama. Baadaye walihamia Kingston, mtaa wa Trench Town, na huko ndiko kijana alikoanza kuimba na wenzake wa The Wailers. Mpira wa miguu aliupenda karibu sawa na muziki.

Mwaka 1977 aliumia kidole gumba cha mguu wa kulia akicheza mpira, na kidonda kikagoma kupona. Madaktari walipopima wakakuta melanoma chini ya ukucha. Hii ni saratani inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Sisi watu weusi huipata kwa nadra, lakini ikitupata mara nyingi hujificha kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Hapo jua si la kulaumiwa. (Kwa mtoto mwenye ualbino ni tofauti: saratani zake nyingi huletwa na jua, hasa usoni, shingoni na mikononi, kwa hiyo kofia pana na mikono mirefu haviachwi.)

Alishauriwa kidole kikatwe. Hakukubali, na wengi husimulia kuwa ni kwa sababu ya imani yake ya Kirasta. Badala yake waliondoa ukucha na nyama ya chini yake, wakapandikiza ngozi. Sipendi kumhukumu. Nimekaa na watu waliokataa kukatwa kiungo, na najua uamuzi ule ni mzito kiasi gani. Wala hakuna anayeweza kuapa kwamba kukata kungemponya.

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo penye jambo lenyewe. Kila seli ya mwili hubeba vinasaba, yaani maelekezo ya namna ya kuishi na kuzaana. Seli ikigawanyika hunakili maelekezo hayo, na mara nyingine hukosea. Saratani huanza makosa yakirundikana katika seli moja hadi ikasahau kuacha kuzaana. Wajukuu wake hurithi makosa hayo, kisha kila mmoja huongeza ya kwake. Fikiria ukoo uliotoka kwa babu mmoja Maswa: mmoja akahamia Meatu, mwingine Busega. Damu ni moja, lakini baada ya vizazi kadhaa kila tawi lina mazoea yake. Vivyo hivyo seli zilizosafiri kwa damu au kupitia mitoki, zikatua kwenye mapafu au ini, huendelea kubadilika huko zilikotua. Ndiyo maana dawa moja yaweza kupunguza uvimbe wa mapafu na ule wa ini ukabaki vilevile. Doa dogo kidoleni bado ni mji mmoja. Likishasambaa, unapigana na miji mingi isiyofanana.

Ukimtazama kwa nje, Marley alikuwa mzima. Mwaka 1978 alifika Kenya na Ethiopia. Aprili 1980 aliimba Zimbabwe ilipopata uhuru. Septemba mwaka huo alianguka akikimbia mazoezi New York, na vipimo vikaonyesha saratani imefika kwenye ubongo. Siku mbili baadaye alipanda jukwaani Pittsburgh kwa mara ya mwisho. Alitibiwa miezi kadhaa Ujerumani bila kupona. Alikufa Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36. Mama yake alikuwepo, na aliishi hadi 2008.

Leo jioni ukimwosha bibi miguu, au wewe mwenyewe ukivua katambuga baada ya shamba la pamba, geuza unyayo uutazame. Tafuta doa jeusi linalokua au lenye kingo zisizo sawa, mstari mweusi kwenye ukucha mmoja unaozidi kupanuka, kidonda kisichopona kwa wiki nne, au uvimbe kwenye mtoki upande huohuo. Michirizi kwenye kucha nyingi kwa watu weusi mara nyingi ni rangi yetu tu, usihangaike. Ukiona kimojawapo, usikichanje wala kukipaka dawa ya betri. Nenda zahanati, uombe rufaa ili kinyama kidogo kichukuliwe na kupimwa. Kwetu Simiyu, njia ya matibabu ya saratani huelekea Bugando, Mwanza. Beba daftari lako la kliniki na ueleze doa lilianza lini.