Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gazi

Katika darasa yetu hapa Eldoret wamo vijana wengi ambao wazee wao walitoka Pwani wakapanda gari la moshi kuja huku bara, lakini wao wenyewe bahari huiona kwa nadra. Mmoja wao aliuliza kwa nini Mazrui wa Takaungu walipata ardhi iliyotambuliwa kwa sheria kuwa ni yao, na Mazrui wa Gazi hawakupata, ilhali ukoo ni mmoja na vijiji vyote viwili viko ufuoni, kimoja kaskazini ya Mombasa na kimoja kusini yake. Swali hilo halijibiki mpaka mtu azijue kwanza habari za Sheikh Mbaruk bin Rashid.

Baba yake, Rashid bin Salim bin Ahmed, ndiye Mazrui wa mwisho kuitawala Mombasa. Mwaka 1837 Sayyid Said bin Sultan aliushika mji, kisha mwanawe Khalid akawaita wakubwa wa Mazrui kana kwamba wanaitwa barazani. Walipofika walikamatwa, zaidi ya watu ishirini, wakatiwa chomboni na kupelekwa Bandar Abbas, na hawakurudi tena. Mbaruk alikuwa mtoto mdogo. Basi waliobaki wakaikimbia Mombasa, na hapo nyumba ikagawanyika: kundi moja likajenga Takaungu, na kundi jingine likashuka kusini likakaa Gazi. Sheikh al-Amin bin Ali, aliyezaliwa mwaka 1891 na kutuachia gazeti la Al-Islah, aliiandika kwa Kiarabu tarehe ya ukoo huu ambao ni wake mwenyewe, na kheri yake ni kwamba tarehe hiyo haikupotea.

Mgawanyiko huo haukuwa wa masafa tu. Kila upande ulijiona ndio wenye haki ya ukubwa, na Mbaruk alipopata nguvu hakuwaacha jamaa zake wa Takaungu wakae kwa amani. Aliwapiga vita, nao wakatafuta himaya ya Sultani wa Unguja, yaani himaya ya nyumba ile ile iliyowaangamiza wazee wao. Hili ni jambo la kutazamwa vyema. Mtoto wa yule aliyetiwa chomboni alimtafuta adui yake kwa ndugu yake kabla ya kumtafuta kwingine, na ndugu naye akakimbilia kwa aliyemtia mzee wao chomboni. Amri ya kusuluhisha baina ya Waislamu wawili wanaogombana walikuwa nayo vitabuni, na wanavyuoni walikuwapo Mombasa, lakini sulhu haikusimama.

Gazi aliishika katika miaka ya 1860. Alijenga nyumba kubwa ya mawe, akaweka mashamba, akafanya urafiki na Wadigo na Waduruma wa nyuma ya pwani, na bunduki hazikumpungukia. Wapo wanaomsifu leo kwa ushujaa tu na kuyanyamaza mengine. Sisi hatuyanyamazi. Mashamba ya Gazi, kama yale ya Takaungu, yalilimwa na watumwa, na wengi wa waliobeba silaha zake walikuwa watumwa au watoro. Kumwacha huru mtumwa ni ibada kubwa katika dini yetu na ni kafara ya madhambi mengi. Mabwana wa pwani waliijua mas-ala hiyo, wakaisomesha, na mashamba yakaendelea kulimwa vile vile.

Kwa masultani wa Unguja alikuwa mwiba. Aliasi, akapatana nao, akaasi tena. Mwaka 1882 jeshi la Sayyid Barghash, likiongozwa na Mwingereza Lloyd Mathews, lilimzingira Mwele, boma lake lililokuwa msituni katika vilima vya nyuma ya Gazi. Boma lilichukuliwa, mwenyewe akaponyoka. Katika miaka ile ile ya 1880 aliwahi hata kupandisha bendera ya Wadachi Gazi, akitumaini kwamba Mzungu mmoja atamkinga na Sultani na Mzungu mwingine. Kisha Barghash akawapa Waingereza usimamizi wa pwani mwaka 1887, ikaja Kampuni yao iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, na Mbaruk akakubaliana na Kampuni akapokea posho yake. Mtu angalidhani kwamba mzee huyu sasa atamaliza umri wake kwa raha.

Balaa likaja kutoka Takaungu. Mwezi wa Februari 1895 alifariki liwali wa huko, Salim bin Khamis. Mila ya ukoo ilikuwa kumtazama mkubwa katika jamaa, na mkubwa alikuwa Mubarak bin Rashid, mtoto wa ndugu yake marehemu. (Msomaji asichanganye majina: huyu ni Mubarak wa Takaungu, na tunayemwandika ni Mbaruk wa Gazi.) Kampuni ikamtaka Rashid bin Salim, mwana wa marehemu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu nao. Wageni ndio walioamua nani awe mkubwa wa nyumba ya Waislamu, na waliweza kwa sababu wenye nyumba walikuwa wamekwisha wazoea wageni kuwa waamuzi wao.

Mubarak akatoka Takaungu pamoja na nduguye Aziz na watu wao, wakaingia bara mahali paitwapo Gonjoro. Mwezi wa Juni wakapigwa huko, mwezi wa Julai Aziz akaishambulia Takaungu, na mwisho wakimbizi wakaelekea kusini wakapiga hodi Gazi, kwa yule yule aliyekuwa adui wa wazee wao.

Hapa ndipo moyo wa habari hii. Tarehe 1 Julai 1895 Kampuni ilikuwa imeondoka na Serikali ya Uingereza imeshika nchi. Arthur Hardinge, balozi wao wa Unguja, alimtaka Mbaruk awatoe wageni wake au awafukuze, na kama angalifanya hivyo, posho yake na Gazi yake vingalibaki. Alikuwa mzee sasa, na alikuwa na kila sababu ya kufurahi kwamba nyumba ya Takaungu imeanguka. Hakuwatoa. Wengine husema ni kwa tamaa, kwamba aliona nafasi ya kuwa mkubwa wa Mazrui wote. Huenda ilikuwamo, kwani nia ya mtu ni siri yake na Mola wake. Lakini alijua manowari zina mizinga ya namna gani, na Mwele aliwahi kuipoteza mara moja. Aliihama nyumba yake ya mawe akapanda tena vilimani.

Jemadari wa manowari, Harry Rawson, aliiteka Mwele tarehe 17 Agosti 1895. Waingereza walilihesabu jambo hilo kubwa hata wakachora jina la Mwele na mwaka wake ubavuni mwa nishani waliyowapa askari wao. Vita havikwisha. Walijiunga wengine wasiokuwa Mazrui, kama Hamisi bin Kombo wa Mtwapa, ikawa pwani nzima kutoka Malindi mpaka Vanga haina usalama, vijiji vikiungua na watu wakikosa kulima. Wanyonge ndio waliolipa gharama ya ugomvi wa wakubwa. Mwanzo wa 1896 wakaletwa askari kutoka Bara Hindi, na mwezi wa Aprili Mbaruk akavuka mpaka pamoja na Mubarak na Aziz na maelfu ya watu, wanaume na wanawake na watoto, akajisalimisha kwa gavana wa Wadachi, Hermann von Wissmann. Mwezi uliofuata, tarehe 30 Mei 1896, ukalazwa Mombasa mtaimbo wa kwanza wa reli, ambayo tawi lake lilifika Eldoret mwaka 1924 na kuwaleta wazee wa vijana wetu.

Na hili ndilo jawabu la swali. Rashid bin Salim alibaki liwali wa Takaungu, na mwaka 1914 serikali ikatunga sheria ya amana ya ardhi ya Mazrui wa huko, iliyokaa mpaka ilipofutwa mwaka 1989. Mazrui wa Gazi wakahesabiwa waasi, na waasi hawakuandikiwa kitu. Nyumba ya mawe ya Sheikh Mbaruk ikawa baadaye skuli ya watoto wa kijiji, na mlango wake wa nakshi ukapelekwa Ngome ya Mombasa, ile ile ambayo baba yake aliitawala.

Mwenyewe alikaa Dar es Salaam chini ya Wadachi. Kabla ya mwaka 1896 kwisha, Rawson yule yule aliipiga mizinga Unguja, na Sayyid Khalid bin Barghash, mjukuu wa Sayyid Said, akakimbilia kwa balozi wa Wadachi akapelekwa Dar es Salaam naye. Jina lake ni la ami yake, Khalid aliyewatia chomboni wazee wa Mazrui mwaka 1837. Basi wakawa wageni wa mji mmoja, mwana wa aliyetekwa na mjukuu wa aliyeteka. Mbaruk alifariki hapo mwaka 1910, Mwenyezi Mungu amsamehe na amrehemu. Khalid aliangukia mikononi mwa Waingereza mwaka 1916, akazungushwa visiwani, na kaburi lake likawa Mombasa, mwaka 1927.