Paul Harris, avoka aliyechoka kukaa peke yake mu mji mukubwa

Mu mji wa Lubumbashi kuna alama moja ambayo wengi wanaijua kwa macho: gurudumu lenye meno, sawa pinyo ya mashini. Ni alama ya Rotary. Kwetu watu wanasema: kile ni kikundi cha watajiri, hakituhusu. Lakini mutu aliyekianzisha alizaliwa mu nyumba yenye madeni. Na kati ya watu wane wa kwanza, mumoja alikuwa injeniere wa migodi, mwingine alikuwa muuza makala. Tusome maisha yake.

Paul Harris alizaliwa tarehe 19 mwezi wa nne 1868 ku Racine, mu jimbo la Wisconsin, Marekani. Baba yake alikuwa na duka la dawa, lakini hakujua kuchunga feza. Madeni yakazidi, duka likaanguka. Paul alikuwa na miaka 3 tu wakati baba alimupeleka, yeye na kaka yake, kwa nkambo wao ku Wallingford, kijiji kidogo cha Vermont. Nkambo Howard na muke wake Pamela njo waliomulea. Mule kijijini kila mutu alijua jirani yake kwa jina. Mutu akigonjwa, wengine wanafika. Ile maisha Paul hakuisahau hata siku moja.

Ku masomo alikuwa mutoto wa fujo. Mu mwaka 1886 universite ya Vermont ilimufukuza. Akaingia ku Princeton, lakini mu 1888 nkambo Howard akafariki, naye akaacha masomo. Kisha akasomea sheria ku Iowa, akapata diplome ya avoka mu 1891.

Hapo wenzake walifungua buruo. Yeye hapana. Alisema na moyo wake kwamba kwanza atazunguka miaka mitano, aone namna watu wanaishi. Alivuna matunda, aliandikia gazeti, alifundisha masomo, alicheza teatre, alifanya kazi ku hoteli, alizunguka kuuza mawe ya marbre, na alivuka bahari mu mashua ya kubeba ng'ombe mpaka Uingereza. Watu wa migodi wanaelewa ile maisha: leo uko hapa, kesho uko ku kazi ingine, na kila mahali unaanza upya na watu usiowajua.

Mu 1896 akafika Chicago, akafungua buruo yake ya avoka. Chicago ilikuwa mji mukubwa wa viwanda, umejaa wageni waliokuja kutafuta kazi. Paul alipata wateja, alipata chakula. Lakini siku ya mungu, buruo zikifungwa, alitembea mu barabara peke yake. Watu walikuwa wengi, rafiki hapana. Jioni moja mu 1900 alitembea na avoka mwenzake mu kartie yake. Yule mwenzake alisimama ku kila duka, anasalimia wenye duka, na wote walimujua. Paul akafikiri: kumbe mutu anaweza kupata kijiji ndani ya mji!

Ile wazo alikaa nalo miaka mitano. Tarehe 23 mwezi wa pili 1905, kisha kula na rafiki yake Silvester Schiele, muuza makala, walienda pamoja ku buruo ya Gustavus Loehr, injeniere wa migodi. Hapo walikuta Hiram Shorey, mushoni wa nguo. Watu wane, kazi ine. Ule njo mukutano wa kwanza. Schiele akawa prezida wa kwanza, si Harris.

Walikubaliana kukutana mahali pa kazi ya kila mumoja, kwa zamu: leo kwa avoka, siku ingine ku depo ya makala. Kwa kuwa mukutano ulizunguka, wakauita Rotary. Kila kazi ilikuwa na mutu mumoja tu, ili wasishindane. Waliitana kwa jina la kuzaliwa, bila bwana wala mukubwa. Mwanzoni feza za kikundi zilitoka ku amende: mutu akikosa, analipa senti 50. Tena walisaidiana mu biashara: unanunua makala kwa Schiele, nguo kwa Shorey. Mwenye kucheza likelemba anaona kama hii hesabu anaijua: leo zamu yangu, kesho yako.

Lakini mu 1906 likatokea neno gumu. Avoka mumoja, Donald Carter, aliitwa aingie. Alisoma sheria za kikundi, akakataa. Aliona kama kikundi kinachosaidia wanamemba wake tu, bila kufanya kitu juu ya mji, hakitaenda mbali. Hawakumukasirikia. Walimuomba aingie, awasaidie kuandika sheria ingine. Basi wakaongeza kazi ya tatu: kutafuta mema ya mji.

Ile sheria haikubaki ku karatasi. Mu 1907, Harris akiwa prezida, kikundi kilishika neno ambalo wengine wanaona haya kulisema: vyoo. Katikati ya Chicago hapakuwa na choo cha watu wote. Mwanaume aliingia mu baa, akalazimika kununua bia. Mwanamuke aliingia mu magazini makubwa. Wenye bia na wenye magazini walipinga, juu ile shida iliwaletea wateja. Rotary haikujenga peke yake. Iliita vikundi vingine vya mji, wakasukuma wakubwa wa mji pamoja, na mu 1909 vyoo vikafunguliwa.

Ndani ya kikundi wengine walinuna. Wao walikuja juu ya urafiki na biashara, si juu ya vyoo, wala si juu ya kupeleka Rotary mu miji ingine. Harris hakurudi nyuma. Mu 1908 kikundi cha pili kilianza San Francisco. Mu 1910 vilikuwa 16, naye akawa prezida wa vyote. Ule mwaka alioa Jean Thomson, mwanamuke wa Uskoti. Hawakupata mutoto. Walizunguka inchi nyingi, na Paul alipanda miti ya urafiki.

Alifariki Chicago tarehe 27 mwezi wa kwanza 1947, mwenye miaka 78. Alizikwa karibu na Schiele, yule muuza makala. Watu walituma feza kwa kumbukumbu yake, zikapita dolari milioni moja, na zikalipia wanafunzi masomo ku inchi za ngambo.

Kazi yake ilikuwa na kosa pia. Wanawake walikatazwa kuingia mpaka 1989. Lakini toka 1985 Rotary ilianza kupigana na polio mu dunia yote. Mama wa huku Katanga anajua yale matone mawili mu kinywa cha mutoto. Mu mwezi wa nane 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imemaliza polio ya zamani. Aina ingine ingali inapiga watoto wa Kongo, njo maana wenye chanjo wakifika ku mulango, tuwafungulie.

Kwetu vikundi haviko haba: likelemba, vikundi vya wanamama, vya watu wa kijiji kimoja, vya wenye kazi moja. Vinasaidia ku matanga na ku ndoa, na ni vizuri. Lakini neno la Carter linatugusa na siye. Mukutano ukiisha, feza zikiisha kugawanywa, kartie imepata nini? Pompi ya maji ingali imevunjika, masomo hayana bati. Wao walianza watu wane tu. Siye tuko wengi kuliko wane.