Sheikh Nasir bin Salim Al-Bahlani, Kadhi Aliyeihisabu Nafsi Yake

Miongoni mwa wanazuoni wa Kiibadhi waliozikwa katika ardhi ya Unguja ni Sheikh Nasir bin Salim bin Udayyim Al-Bahlani Al-Rawahi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Abu Muslim, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wengi humjua kwa mashairi yake ya kuililia Oman. Ni wachache wamjuao kwa mashairi yake mengine, ambayo ndani yake hakumlilia mtu wala nchi, bali aliililia nafsi yake mwenyewe.

Alizaliwa karibu na mwaka 1860 katika mji wa Mahram, kwenye bonde la Bani Rawaha. Nyumba yao ilikuwa ya elimu, na baba yake alikuwa kadhi katika zama za Imamu Azzan bin Qais, aliyetawala kuanzia mwaka 1868 hadi 1871. Akiwa bado kijana, mwaka 1295 Hijria (1878), alivuka bahari kwenda Unguja, wakati wa Sayyid Barghash. Alirejea Oman akakaa miaka michache, kisha akarudi Unguja na hakuhama tena. Huko alishika kazi ya ukadhi, akapanda hadi kuwa miongoni mwa makadhi wakubwa wa dola.

Ukadhi ni mtihani mzito. Kadhi huamka kila siku kuwahisabu watu wengine: huyu ana haki, yule hana, huyu ni mkweli, yule ni mwongo. Mwenye kazi hiyo ni mwepesi kusahau kwamba naye ana hisabu yake. Tena katika madhehebu ya Ibadhi jambo hili halina mzaha. Imani ni kauli, itikadi na matendo. Anayekufa hali amelishikilia dhambi kubwa bila ya kutubu hana shufaa ya kuitegemea. Na dhambi ndogo, mtu akiing'ang'ania, haibaki ndogo. Kwa hiyo mja hawezi kuiahirisha hisabu yake mpaka uzeeni, kwani hajui kama atafika.

Abu Muslim aliifuata njia ya wanazuoni wa Oman waliotunga mashairi ya suluki, yaani ya mja kumwendea Mola wake, kama alivyofanya kabla yake Sheikh Said bin Khalfan Al-Khalili. Alitunga kasida ndefu zilizojengwa juu ya Majina Mazuri ya Mwenyezi Mungu. Ndani yake kadhi huyu mwenye heshima anasimama mahali pa mshitakiwa: anakiri, anajilaumu, anaomba msamaha.

Mwenye kuishi Doha anaweza kulifahamu jambo hili bila ya kitabu. Katika Eneo la Viwanda, ambalo watu huliita Sanaiya, mitaa hutajwa kwa namba, na aghlabu ya wanaolala humo ni wanaume walioacha watoto wao nchi za mbali. Mwezi wa Machi 2020, kwa ajili ya maradhi ya korona, sehemu ya eneo hilo, kuanzia Mtaa wa 1 hadi wa 32, ilifungwa kwa wiki kadhaa. Upweke ule ulikuwa wa kulazimishwa, na si haki kuuita khalwa. Anayehofia mshahara wake na wazee wake nyumbani hana moyo uliotulia. Lakini ugeni una sifa moja, uwe wa hiari au wa dhiki: aliye mbali na jamaa zake hana wa kumchunga isipokuwa Mola wake, na hapo ndipo inapodhihiri iwapo uchamungu wake ulikuwa wa Mungu au wa majirani.

Isidhaniwe kuwa kujihisabu kulimtoa Abu Muslim katika mambo ya watu. Mwaka 1911 aliongoza gazeti la Kiarabu la Al-Najah huko Unguja. Na mwaka 1913, Imamu Salim bin Rashid Al-Kharusi alipopewa baia Oman, alimuunga mkono kwa kasida zilizosomwa mabondeni na majabalini. Ikumbukwe kwamba Imamu huyo alipigana na Sultani wa Maskati wa ukoo wa Busaidi, na Unguja alikoishi Abu Muslim ilitawaliwa na ukoo huohuo, chini ya himaya ya Waingereza. Aliyekula mkate wa dola kwa miaka mingi angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye hakunyamaza.

Katika sehemu ya mwisho ya umri wake aliuacha ukadhi, akajitenga na kuandika. Alianza Nithar al-Jawhar, sherehe kubwa ya kitabu cha fiqhi kilichotungwa kwa mashairi na Sheikh Nur al-Din Al-Salimi, aliyefariki mwaka 1914. Ilikuwa kazi ya kijana mwenye nguvu, naye alikuwa mzee. Julai 1920 Imamu Salim aliuawa. Mwaka uleule, 1339 Hijria, Abu Muslim naye alifariki Unguja, na sherehe ile ikabaki haijakamilika.