Horace Wells, daktari wa meno aliyeanza na jino lake mwenyewe

Ukienda leo kung'oa jino, daktari atakuchoma sindano ya ganzi, atasubiri dakika chache, atagusagusa fizi kuhakikisha husikii kitu, ndipo achukue koleo. Utatoka pale mdomo umekufa upande mmoja na maneno hayatoki sawasawa, lakini hutakuwa umepiga kelele. Miaka 200 iliyopita hapakuwa na kitu kama hicho. Jino liling'olewa mgonjwa akiwa macho, ameshikwa mabega, na wapo walioona afadhali wabaki na jino bovu kuliko kukalia kile kiti.

Wiki hii nakusimulia maisha ya mtu mmoja aliyechangia sana kuibadilisha hali hiyo. Nimemchagua kwa sababu gesi aliyoitumia, naitrasi oksidi, siku hizi inawafikia vijana kwa mlango mwingine kabisa. Wapenda magari ya mbio wanaiita naitro. Inafungwa kwenye injini ili gari lichomoke, na wapo wanaojaribu kujiundia mfumo huo wenyewe uani kwa vipuri vya bei ya chini. Wengine hawana habari na gari, wanaivuta tu wapate kucheka. Mzazi ukiukuta mtungi wake chumbani kwa mwanao, itakusaidia kujua historia yake.

Horace Wells alizaliwa tarehe 21 Januari 1815 katika mji mdogo wa Hartford, jimbo la Vermont, Marekani. Kazi ya meno aliisomea Boston chini ya watu walioifanya kabla yake, kwani chuo cha udaktari wa meno kilikuwa bado hakijaanzishwa. Mwaka 1836 alifungua chumba chake cha matibabu katika Hartford nyingine, ile ya jimbo la Connecticut. (Miji hii miwili huwachanganya wengi, usijali.) Mwaka 1838 alitoa kijitabu kuhusu meno, magonjwa yake na namna ya kuyatibu, na mwaka huohuo akamwoa Elizabeth Wales. Walipata mtoto mmoja wa kiume, Charles. Wagonjwa walikuwa wengi na jina lake lilikuwa zuri. Kilichomsumbua ni vilio vya watu waliokuwa mikononi mwake, maana alikuwa mtu mpole.

Jioni ya tarehe 10 Desemba 1844, yeye na mkewe walikwenda kutazama maonyesho. Mtu aitwaye Gardner Quincy Colton alikuwa akizunguka miji akiwaonyesha watu gesi ya kuchekesha. Kiingilio kilikuwa senti 25. Tangazo lilisema zimeandaliwa galoni 40 za gesi kwa yeyote atakayetaka kuivuta, na kwamba wanaume wanane wenye nguvu watakaa viti vya mbele ili waliolewa wasijiumize wala kuumiza wengine. Gesi yenyewe ilikuwa imejulikana kwa miaka zaidi ya 70. Joseph Priestley wa Uingereza ndiye aliyeitengeneza kwanza, mwaka 1772. Mwingereza mwenzake, Humphry Davy, aliijaribu kwa kuivuta mwenyewe, na mwaka 1800 akaandika kwamba huenda ingefaa kuzuia maumivu wakati wa upasuaji. Hakuna aliyemsikiliza. Kwa miaka 44 gesi hiyo ilibaki kuwa mchezo wa kufurahisha watu.

Usiku ule kijana mmoja, Samuel Cooley, aliivuta, akarukaruka jukwaani na kugonga mguu kwenye viti. Aliporudi kukaa karibu na Wells, damu ilikuwa ikimtoka. Wells alimuuliza kama anaumia. Kijana alishangaa, hakuwa na habari kabisa kwamba amejeruhiwa.

Ukumbini mlikuwa na watu wengi walioona jambo hilohilo wakacheka na kwenda zao. Wells hakulala nalo. Kesho yake asubuhi alimwita Colton aje na mfuko wa gesi kwenye chumba chake cha matibabu, akamwomba daktari mwenzake, John Riggs, amng'oe gego lililokuwa likimsumbua. Angalia hapo, msomaji: hakuanza na mgonjwa maskini wala mtumishi wake. Alikaa yeye kitini, akavuta gesi mpaka kichwa kikaanguka nyuma, na Riggs akang'oa. Alipozinduka alisema hakusikia maumivu. Hakuna aliyejua kwa hakika kama angezinduka.

Katika wiki zilizofuata aliitumia kwa wagonjwa zaidi ya kumi, na kwa wengi ilifanya kazi vizuri. Hakutafuta hataza wala kuificha. Aliwafundisha madaktari wa meno wenzake wa Hartford bila malipo.

Januari 1845 alikwenda Boston kuwaonyesha wakubwa wa tiba. Mbele ya wanafunzi wa udaktari alimpa mgonjwa gesi na kumng'oa jino. Mgonjwa aliguna. Ukumbi ukalipuka kwa zomeazomea, wakamwita tapeli. Baadaye mgonjwa mwenyewe alieleza kwamba maumivu aliyoyasikia yalikuwa madogo, lakini nani angesubiri maelezo hayo? Wells mwenyewe aliona kwamba mfuko uliondolewa mapema mno.

Leo tunaelewa zaidi. Naitrasi oksidi ni dawa dhaifu ya usingizi. Inapunguza maumivu na hofu vizuri sana, ila haiwezi peke yake kumlaza mtu usingizi mzito na wakati huohuo kumwachia hewa ya kutosha. Zamani hizo waliitoa ikiwa tupu, bila oksijeni, kwa hiyo sehemu ya usingizi ule ilikuwa ni mwili kukosa hewa. Ukizidisha kidogo, mgonjwa anabadilika rangi kuwa bluu. Ukipunguza kidogo, anaguna. Wells alikuwa akitembea juu ya uzi mwembamba na hakuwa na chombo chochote cha kumpimia. Ni mwaka 1868 ndipo daktari wa Chicago, Edmund Andrews, alipopendekeza gesi hiyo ichanganywe na oksijeni. Ukipewa leo kwa daktari wa meno au leba, inakuja na oksijeni, mara nyingi nusu kwa nusu, kupitia kifaa chenye vipimo. Unabaki macho, unajibu maswali, na dakika chache baada ya kuondolewa inakuwa imekutoka.

Aibu ya Boston ilimvunja Wells. Aliugua, akapunguza kazi ya meno kisha akaiacha kwa muda, akajaribu biashara hii na ile: maonyesho ya ndege, vifaa vya kuogea, hata kwenda Paris kutafuta picha za kuuza. Wakati huo William Morton, aliyekuwa mwanafunzi wake na kwa muda mfupi mshirika wake wa kazi, alikuwa Boston akifanya majaribio ya etha. Tarehe 16 Oktoba 1846, katika Massachusetts General Hospital, Morton alimlaza mgonjwa kwa etha na uvimbe wa shingoni ukakatwa bila kilio. Dunia nzima ilisikia. Morton alichukua hataza, mkemia Charles Jackson naye akadai wazo ni lake, na Wells, aliyetangulia kwa karibu miaka miwili, akabaki akiandika barua za kujieleza. Watatu hao waligombana, na sioni kwamba kuna hata mmoja aliyepata raha kwa ugomvi ule.

Sehemu inayofuata ni nzito, na ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Novemba 1847 James Young Simpson wa Edinburgh alitangaza dawa mpya ya usingizi, klorofomu. Januari 1848 Wells alihamia New York peke yake, mkewe na mtoto wakabaki Hartford, akaanza kuijaribu klorofomu kwa kuivuta mwenyewe, siku baada ya siku, kama alivyozoea kujipima dawa zote. Hakuna aliyekuwa karibu naye kuona anavyobadilika. Tarehe 21 Januari, siku aliyotimiza miaka 33, akiwa amevurugika akili kwa dawa hiyo, alitoka barabarani Broadway akawarushia wanawake tindikali. Alikamatwa. Dawa ilipomtoka akiwa mahabusu alielewa alichofanya, na usiku wa tarehe 23 kuamkia 24 alijiua.

Mtu aliyejulikana kwa upole wake, aliyeshindwa kuvumilia vilio vya wagonjwa, alifanya hivyo baada ya siku chache tu za kuvuta. Nakuomba ulifikirie hilo kabla ya kusema mtoto wako analelewa vizuri, hawezi. Dawa inayoingia kwenye ubongo haiulizi umelelewa wapi. Ukiona kijana amebadilika ghafla, hali, halali, anajifungia, anaongea mambo ya kutisha au ya kutaka kufa, usimwache peke yake na usianze na viboko. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Kama ni wewe mwenyewe unayesoma na umefika hapo, mwambie mtu mmoja unayemwamini leo.

Naitrasi oksidi si klorofomu, ila nayo ina madhara yake, na mengine Wells hakuyajua. Ikivutwa mara kwa mara huiharibu vitamini B12 mwilini isifanye kazi. Hiyo ndiyo vitamini inayotunza utando wa mishipa ya fahamu na uti wa mgongo. Kijana anaanza kusikia ganzi na kuchomachoma kwenye vidole vya miguu, kisha anapepesuka akitembea, wengine wanashindwa kusimama. Akiwahishwa akaacha na kupewa sindano za B12, wengi hupata nafuu, ila si wote wanaorudi kama walivyokuwa. Akienda hospitali na kuficha kwamba anavuta, daktari anaweza kupoteza muda mrefu akitafuta ugonjwa mwingine.

Kuna pia hatari ya papo hapo. Anayevuta gesi tupu moja kwa moja hapati oksijeni na anaweza kuzimia na kufa kwa dakika chache, hasa akiwa peke yake au amefunika uso. Gesi inayotoka mtungini ni baridi kiasi cha kuunguza midomo na koo. Ile inayouzwa kwa ajili ya magari huchanganywa na salfa dioksidi makusudi ili ichukize kuvutwa, nayo inawasha mapafu. Na hata asiyeivuta, anayejiundia tu mfumo wa gari, ajue anachezea nini: kwenye joto la kawaida mgandamizo ndani ya mtungi ni takriban mara 50 ya ule wa hewa tunayovuta, yaani zaidi ya mara 20 ya upepo wa tairi la gari dogo. Joto likipita nyuzi 36, kiwango ambacho buti ya gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam au Mombasa hulipita bila shida, gesi haiwezi tena kubaki kimiminika na mgandamizo unapanda haraka. Mpira wa kuunga au mtungi wa kuokoteza hauhimili hayo. Ndani ya injini gesi huvunjika kwa joto na kuachia oksijeni, petroli inawaka kwa nguvu zaidi, na vipimo vikikosewa pistoni huyeyuka. Tofauti ni kwamba pistoni zinauzwa dukani.

Wells alipata heshima yake akiwa kaburini. Taarifa kwamba chama cha madaktari Paris kimemtambua ilifika Marekani yeye akiwa ameshafariki. Mwaka 1863 Colton, yuleyule wa maonyesho, alianza tena kuitumia gesi hiyo kung'olea meno, na wagonjwa wakamjia kwa maelfu. Chama cha madaktari wa meno wa Marekani kilimtambua Wells mwaka 1864, na kile cha madaktari kikafuata mwaka 1870. Sanamu yake iko Bushnell Park, Hartford.

Kwetu sindano ya ganzi ndiyo inayotumika zaidi kwenye meno. Ukipewa nafasi ya gesi, mweleze daktari kabla hujakaa kitini kama una mimba changa, kama uliwahi kuambiwa una upungufu wa B12, kama pafu lako liliwahi kupasuka, au kama umefanyiwa upasuaji wa jicho hivi karibuni.