Hodi Isiyoitikiwa: Salme binti Said na Jamaa Zake

Jina la Salme binti Said si geni kwa msomaji wa historia ya Unguja, ingawa aghalabu hutajwa kwa jambo moja tu: kwamba alikuwa binti wa Sultani aliyetorokea Ulaya akaolewa na Mjerumani. Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi mno, tena kwa ladha ya umbeya. Kinachosahaulika ni kwamba maisha ya bibi huyu, tangu utotoni hadi uzeeni, yalizunguka jambo la kawaida kabisa ambalo kila mtu wa pwani analijua, nalo ni kutembeleana. Alilelewa katika jumba ambamo udugu ulipimwa kwa nani amekwenda kwa nani, lini, na amebeba nini mkononi. Kisha akazeeka akibisha hodi kwa ndugu zake bila ya kuitikiwa.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, ufukweni, kaskazini mwa mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria aliyezaliwa milima ya Kaukasi na kutekwa angali mtoto mdogo. Mkuu wa jumba hilo alikuwa Bibi Azza binti Seif, mke wa Sultani, ambaye kila mtu, mkubwa kwa mdogo, alipaswa kwenda kumwamkia. Salme alikuwa miongoni mwa watoto wa mwisho. Seyyid Said alipofariki aliacha watoto 36 waliokuwa hai, wengine wakiwa na umri wa kuwazaa hao wadogo.

Katika kitabu cha kumbukumbu zake, kilichochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, Salme anazieleza sherehe za utoto kwa undani ambao mwanahistoria wa kawaida asingeujali. Mtoto akitimiza siku arubaini, nywele zake za kwanza zilinyolewa, na nywele hizo hazikutupwa ovyo bali zilizikwa au kutoswa baharini. Mtoto akiweza kukaa peke yake, alivishwa vizuri, akaketishwa juu ya mito, kisha akamwagiwa bisi zilizochanganywa na sarafu ndogo za fedha, huku ndugu zake wakirukiana kuziokota. Kila hatua kama hiyo iliwaita jamaa kutoka majumba mengine. Mabibi walitembeleana usiku, wakitanguliwa na watumishi wenye taa kubwa, na ukubwa wa taa ulikuwa namna ya kumtangaza mgeni kabla hajafika mlangoni. Siku ya Idi Sultani mwenyewe aliingia ghalani kuchagua zawadi, ili kila mtu wa nyumbani apate kitu.

Msomaji wa leo hana budi kuuliza ni nani aliyebeba taa hizo. Walikuwa watumwa, na fedha iliyomwagwa pamoja na bisi ilitokana na mashamba ya karafuu waliyoyalima watumwa. Salme aliutetea utumwa wa Kiarabu katika kitabu chake, akidai kuwa haukuwa mkali kama ule wa Marekani, na katika hilo hakuna haja ya kumfunikia aibu. Aliipenda nyumba yake pamoja na dhuluma yake, bila ya kuiona.

Miongoni mwa masuria wa Mtoni palikuwa na urafiki mmoja uliokuja kuyaelekeza maisha yake. Jilfidan na Sara, mama yao Majid na Khaduj, walikuwa wameahidiana kwamba atakayetangulia kufa, mwenzake atawalea watoto wake. Sara ndiye aliyetangulia. Kwa hiyo Majid alipotimiza umri na kupewa nyumba yake mjini, iliyoitwa Bet il Watoro, Jilfidan alihamia huko pamoja na bintiye ili kuitunza ahadi. Salme alikuwa na umri wa takriban miaka 7. Alihamishwa kutoka bustani za Mtoni akaingia nyumba aliyoiona kuwa na giza na finyu. Hata hivyo Majid alimpenda kama ndugu wa tumbo moja, akamfundisha kupanda farasi na kutumia silaha. Yeye mwenyewe, kwa siri, alijifunza kuandika kwa kunakili herufi za Kurani juu ya mfupa mpana wa bega la ngamia, jambo ambalo wasichana wa ukoo wake hawakufundishwa. Ujuzi huo ulikuja kumponza na baadaye kumwokoa.

Mnamo 1854 Seyyid Said alisafiri kwenda Omani. Miaka miwili ikapita, na nyumba nzima ikawa inaishi kwa kuangalia bahari. Mwaka 1856 mvuvi mmoja alileta habari kwamba ameziona merikebu za Sultani. Mbuzi na kondoo wakachinjwa, watu wakavaa nguo zao za sikukuu, na Majid akatoka kwa mashua kwenda kumlaki baba yake. Jioni ikaingia, usiku ukaingia, hapana aliyerudi. Kumbe Seyyid Said alikuwa amekwisha kufa baharini tarehe 19 Oktoba, na mwanawe Barghash, aliyekuwa naye safarini, aliupitisha mwili wa baba pwani usiku na kuuzika kimyakimya, huku jumba la Majid likizingirwa na askari. Sherehe ya kumpokea mzee ikageuka matanga, na katika usiku uo huo mgawanyiko wa ndugu ukaanza. Majid ndiye aliyetawazwa Zanzibar.

Salme alihesabiwa kuwa mtu mzima akiwa na umri wa miaka 12 ili apewe urithi wake. Mama yake alifariki kwa kipindupindu mwaka 1859. Mwaka huohuo Barghash alijaribu kumpindua Majid. Salme alivutwa upande wa Barghash na dada yake mpendwa Khole, na kwa kuwa alijua kuandika, binti huyu wa miaka 15 akawa katibu wa njama. Barua za kuwaita watu na kuagiza silaha zilitoka mkononi mwake, dhidi ya kaka aliyemlea. Waasi walijizatiti katika shamba la Marseilles, lakini Waingereza waliingilia kati, wakashindwa, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay.

Adhabu ya Salme haikuwa kifungo. Majid hakumgusa. Ila wageni walipungua. Kwa mtu aliyekulia Mtoni, hiyo ilikuwa adhabu tosha. Akaondoka mjini, akakaa shambani Kizimbani, kisha Bububu kando ya bahari, ambako marafiki wachache walimfikia kwa mashua. Baadaye alipopatana na Majid na wakaanza tena kutembeleana, mlango mmoja ulifunguka na mwingine ukafungwa: Khole na Barghash, aliyekwisha kurudi kutoka Bombay, hawakumsamehe. Katika ukoo ule ziara haikuwa adabu tu. Ilikuwa kura. Kwenda kwa mmoja kulikuwa kumpinga mwingine, na Salme aliyataka mapenzi ya wote wawili.

Ni katika upweke huo alipofahamiana na jirani yake mjini, Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Nyumba zao zilikaribiana, na ujirani ukazaa urafiki, urafiki ukazaa mimba. Mwezi wa Agosti 1866, usiku wa sherehe ya Mwaka, ambapo wanawake wa Unguja walishuka pwani kwa wingi kwenda kuoga, Salme alishuka nao asirudi nao. Alipanda manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, ikampeleka Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume, akangoja miezi mingi hadi Heinrich alipomfuata, akabatizwa kwa jina la Emily na kuolewa siku hiyohiyo, tarehe 30 Mei 1867. Harusi ya binti wa Sultani ilipita bila ya ndugu hata mmoja. Mtoto wao alifariki wakiwa safarini kuelekea Ujerumani.

Mjini Hamburg walizaliwa Antonie, Said na Rosalie, kati ya 1868 na 1870. Mama yao aliwapa wote pia majina ya kwao: Thawka, Said, Ghuza. Hapakuwa na siku ya arubaini yenye mgeni wa ukoo, wala mtu wa kumwaga bisi. Wageni hawakukosekana, lakini wengi walikuja kumtazama kuliko kumjulia hali, wakakaa dakika chache kwa mujibu wa desturi ya huko, wakaondoka. Kisha mwezi wa Agosti 1870 Heinrich aliangushwa na tramu ya farasi, akafa baada ya siku chache akiwa na umri wa miaka 31. Rosalie alikuwa wa miezi minne. Mwezi wa Oktoba mwaka uo huo Majid naye alifariki Unguja, na aliyetawala baada yake ni Barghash.

Hapa ndipo ilipoanza ile safari ndefu ya kubisha hodi. Mwaka 1875 Barghash alizuru Uingereza kwa fahari kubwa. Salme, aliyekuwa akiwalea watoto wake kwa taabu na kufundisha lugha ili apate riziki, alikusanya alichonacho akaenda London kumwona kaka yake. Hakuruhusiwa. Sir Bartle Frere, kwa niaba ya maslahi ya serikali yake, alimshawishi aache kumtafuta Sultani, na badala yake watoto wake wangetunzwa. Salme aliacha. Ahadi haikutimizwa. Jilfidan aliitunza ahadi yake kwa Sara asiwe na shahidi yeyote. Serikali kubwa ilishindwa kutunza ya kwake kwa mjane.

Miaka kumi baadaye, Agosti 1885, aliingia bandari ya Unguja pamoja na watoto wake ndani ya meli ya Kijerumani. Haikuwa ziara ya kawaida. Mwaka huo Ujerumani ilikuwa imedai sehemu ya bara, ikamchukua Sultani wa Witu, katika pwani ambayo sasa ni ya Kenya, chini ya ulinzi wake, na Barghash alikuwa amelalamika. Bismarck alituma manowari kumnyamazisha, na dada mtu akatumiwa kama kisingizio kingine. Salme alijua kwamba amebebwa juu ya mizinga. Alikwenda hata hivyo, kwa kuwa hapakuwa na chombo kingine cha kumfikisha. Barghash alikataa kumwona, na ni vigumu kumlaumu moja kwa moja: dada aliyemwacha kwa ajili ya Majid, akaiacha dini, sasa amerudi pamoja na maadui akidai mirathi. Wapo wanaosema kuwa Salme alifuata mali tu. Mali aliidai kweli, lakini katika ukoo ule kupewa fungu ni kuhesabiwa kuwa ndugu, na kunyimwa ni kufutwa jina. Hayo mawili hayawezi kutenganishwa katika dai lake.

Watu wa mjini hawakuwa na kinyongo hicho. Alipopita vichochoroni walimzunguka, wakamwamkia, wakawatazama watoto wake. Barghash alikasirika, lakini salamu zilikuwa zimekwisha kutolewa. Salme alikwenda pia Mtoni kuwaonyesha watoto alikozaliwa, akakuta magofu, ngazi zimeporomoka, majani yameota vyumbani. Bibi Azza, Jilfidan na Sara walikuwa wamekwisha kufa wote. Nyumba iliyopokea wageni wengi kuliko zote kisiwani haikuwa na mtu wa kusema karibu.

Barghash alifariki Machi 1888. Salme alirudi tena mwaka huo, akitumaini kwamba Khalifa, mdogo wao aliyetawazwa, angekuwa na moyo laini zaidi. Hakuwa. Safari hii hata Wajerumani, waliokwisha kupata walichokitaka, hawakumhitaji. Akaondoka asirudi tena. Hakwenda Ujerumani, alihamia Jaffa, kisha Beirut, akakaa huko hadi 1914. Watu wengi wameshangazwa na chaguo hilo. Lakini Beirut aliisikia adhana na kuzungumza Kiarabu sokoni, akawa mahali pa katikati ya nyumba mbili zisizokuwa zake. Watoto walikua wakatawanyika: Antonie aliolewa mwaka 1898 akaenda na mumewe hadi Visiwa vya Marshall, katika Bahari ya Pasifiki, Rosalie akaolewa na afisa wa jeshi la Prussia, Said akawa mtu wa kusafiri, na mwaka 1929 akachapisha kitabu juu ya babu ambaye hakuwahi kumwona. Mama yao aliendelea kuandika, na barua alizozitunga kwa rafiki wa Unguja asiyetajwa jina, akimsimulia maisha ya Ulaya, zilikuja kuchapishwa muda mrefu baada ya kifo chake.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipokaribia alirudi Ujerumani. Alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na umri wa miaka 79, akazikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf, pamoja na Heinrich. Katika vitu vyake palikutwa kifuko cha mchanga alichokuwa amekitunza tangu safari zake za Unguja. Mchanga huo, uliotoka katika ufukwe wa kwao, ukatiwa kaburini pamoja naye.